Kabla Hujamleta Mtoto Kupimwa Ukuaji: Ninayowaambia Wazazi Kibarazani

Mwaka juzi alikuja mama mmoja kutoka upande wa Ganze na mwanawe wa miaka miwili na miezi minne. Kabla sijawakaribisha ndani alinivuta pembeni akaninong'oneza: "Dada, nimemfundisha. Bloki anapanga mpaka nane." Kumbe jirani yake alishamleta mtoto kwangu, akaenda kumsimulia kila kitu. Naye akapita kwa seremala akakatiwa vipande vya mbao, akamfanyisha mtoto mazoezi wiki mbili, asubuhi na jioni. Tukaingia. Nikazitoa bloki zangu mkobani, nikaziweka mkekani. Mtoto akaziangalia, akamwangalia mamake, kisha akanirudishia moja moja mkononi, kwa adabu kabisa, akasema: "Zimeisha." Hakugusa tena hata moja. Kwenye karatasi ilibidi niandike sifuri mahali ambapo pengine palikuwa na nane.

Mimi ni mtathmini wa ukuaji wa watoto huku Kilifi, pwani ya Kenya, kazi niliyoianza mwaka 2006 nikiwa msaidizi wa kubeba mkoba wa vifaa na kujaza karatasi. Nje ya chumba changu pana kibaraza chenye benchi mbili, na mengi ninayotaka mzazi ayajue huwa nayasema hapo, mtu akingoja zamu, wakati ambapo nusu yake yameshachelewa. Ndiyo maana nayaandika, yakufikie ukiwa bado nyumbani. Mimi nitakaa na mwanao saa moja, ikizidi sana saa moja na nusu. Wewe umekaa naye maisha yake yote. Ukija mikono mitupu, ninabaki na ile saa yangu tu, na saa moja ya mtoto wa miaka miwili inaweza kuishia kwenye "Zimeisha."

Kwanza, si mtihani

Hakuna kupita wala kufeli. Vipimo hivi vilipoanza, kusudi lake lilikuwa la huruma: mwaka 1904 serikali ya Ufaransa iliunda tume ya kuangalia watoto waliokuwa wakishindwa na masomo ya kawaida, na mwaka 1905 mwanasaikolojia Alfred Binet na mwenzake Théodore Simon, aliyekuwa daktari, wakatoa kipimo chao cha kwanza, ili mtoto anayehitaji kufundishwa kwa njia nyingine ajulikane mapema. Baadaye wengine walikichukua wakakigeuza cha kutangaza nani ana akili na nani hana. Mimi niko upande wa kusudi la mwanzo.

Ujue pia kwamba kuna kazi mbili tofauti, na watu huzichanganya. Ya kwanza ni uchujaji. Huo ni chekeche tu: maswali machache, dakika kumi, mara nyingi anauliza mhudumu wa afya wa kijiji. Kuna maswali kumi yanayojulikana sana, yaliyotungwa kwa ajili ya nchi zisizo na wataalamu wengi, kwa watoto wa miaka 2 hadi 9, na yamejaribiwa hapa hapa Kilifi. Kwa maneno yangu ni haya: Je, alichelewa kukaa, kusimama au kutembea? Anaona vizuri? Anasikia? Ukimwagiza kitu anaelewa? Mkono au mguu una udhaifu, au umekakamaa? Huanguka kifafa au kupoteza fahamu? Anajifunza mambo kama wenzake? Anasema chochote? Maneno yake yanaeleweka na watu wa nje? Na ukimtazama na rika lake, anaonekana yuko nyuma? Jibu moja la kutia shaka linatosha kumleta mtoto mbele.

Kazi ya pili ndiyo tathmini yenyewe, ile ya kukaa mkekani. Mtoto aliyenaswa na chekeche hajaambiwa ana ugonjwa, ameambiwa aangaliwe vizuri. Wako wengi ninaowaona mimi, nikawarudisha nyumbani na neno moja tu: mzima.

Tafuta tarehe ya kuzaliwa

Swali langu la kwanza kabisa ni amezaliwa lini. "Alizaliwa zile mvua zilizobeba daraja." Ahsante, lakini nataka siku na mwezi. Kwa mtoto wa miezi minane, kukosea miezi miwili ni kukosea robo ya umri wake, na hesabu yangu yote itakayofuata itapinda. Njoo na kijitabu cha kliniki, hata kama panya wamekula jalada.

Kama alizaliwa kabla ya siku zake, sema mapema. Mimba inahesabiwa wiki 40. Aliyezaliwa wiki ya 32 alitangulia wiki 8, yaani kama miezi miwili. Akifika miezi kumi namtazama kama wa miezi minane, na nafanya hivyo mpaka atimize miaka miwili. Nimeona mama akilia miezi mitatu mizima kwa kuwa pacha wake hawakai, na shida ilikuwa hesabu tu.

Andika na haya, maana yakiulizwa ghafla husahaulika: alilia alipotoka tumboni au alichelewa kulia? Alipata manjano ya kuwekwa chini ya taa? Amewahi kupata degedege? Malaria ya ubongo? Alilazwa siku ngapi? Malaria iliyopanda kichwani inaweza kumwacha mtoto na shida ya kusema au kushika mambo hata baada ya homa kuisha, na wazazi wengi hawaziunganishi hizo habari mbili kwa kuwa katikati pamepita miaka miwili.

Daftari la wiki moja

Hapa ndipo penye kazi yako hasa. Nunua daftari dogo, lile la kurasa 32, na wiki moja kabla ya miadi uandike kila siku mistari mitatu au minne. Sharti ni moja: andika ulichokiona, hukumu ziache.

Mama huniambia, "Mkaidi huyu." Neno hilo halinisaidii. Mama mwingine aliandika hivi: "Nimemwita mara tatu amenipa mgongo, hakugeuka. Sufuria ilipoanguka aligeuka." Mistari hiyo imenipa nusu ya kazi. Baba atasema, "Anaongea vizuri tu." Niandikie maneno yenyewe, kama anavyoyatamka, na lugha yake: mama, nyanya, madzi (maji kwa Kigiriama, lugha ya huku kwetu), paka, toka. Ukihesabu ukapata matano au hamsini, yote ni habari. Na badala ya "hapendi wenzake" niandikie: "Wenzake walikuwa wanacheza kalongolongo, wanapika mchanga kwenye vizibo. Yeye alikaa pembeni anazungusha gurudumu la kigari, muda wa kupika chai."

Mambo gani ya kutazama? Nikilazimishwa kuchagua moja tu kwa mtoto wa mwaka mmoja na kitu, ningechagua kidole. Ndege ya Malindi inapita juu ya nyumba. Mtoto anainua kidole, anaionyesha, halafu anageuza uso kukutazama wewe, kama anayesema: umeiona? Hataki umpe ndege. Anataka muione pamoja. Hicho kitendo cha sekunde mbili kina macho, masikio, mkono, na hamu ya kushirikiana na mtu. Mtoto anayekushika mkono na kuupeleka kwenye biskuti kama vile mkono wako ni kijiko, bila kukuangalia usoni, anafanya jambo lingine kabisa. Andika lipi kati ya hayo mawili unaliona, na mara ngapi.

Tazama mikono. Mwagia punje chache za mahindi mkekani ukiwa umekaa karibu (asimeze) uone anaokota kwa kiganja kizima au kwa gumba na kidole cha shahada. Karibu na mwaka mmoja wengi huokota kwa vidole viwili. Mtoto mchanga hapendelei mkono wa kulia wala wa kushoto. Ukiona kabla ya mwaka mmoja anatumia upande mmoja tu, na mkono wa pili ameukunja ngumi, usifurahi kwamba "atakuwa fundi wa shoto". Mlete.

Tazama na michezo: anajifanya kumlisha mwanasesere, au fimbo anaigeuza pikipiki? Anapanda kizingiti cha mlango vipi, anachuchumaa na kuinuka bila kushika kitu? Simu yako ikiweza, mrekodi nusu dakika mara tatu au nne, anakula, anacheza, ameudhika. Usimwelekeze, usiseme "hebu mwonyeshe shangazi". Video moja ya mtoto asiyejua anarekodiwa imeshawahi kuniokoa na uamuzi mbaya, na hiyo nitaisimulia mbele kidogo.

Dirisha, si mstari

Jirani atakwambia wake alitembea miezi tisa. Mwache. Mwaka 2006 Shirika la Afya Duniani lilitoa matokeo ya watoto wenye afya njema waliofuatiliwa katika nchi tano: Ghana, India, Norway, Marekani, na Oman, kwa ndugu zetu. Kukaa bila kushikwa kulianza popote kati ya miezi 3.8 na 9.2. Kusimama peke yake, ile tunayoita kusimama dede, miezi 6.9 hadi 16.9. Kutembea peke yake, miezi 8.2 hadi 17.6. Ona upana huo! Wa miezi tisa na wa miezi kumi na sita wote wamo ndani ya dirisha. Na kati ya watoto hao, karibu wanne katika kila mia hawakutambaa kamwe kwa mikono na magoti. Walisota kwa makalio au waliinuka tu wakatembea. Kwa hiyo bibi akisema asiyetambaa hatakuwa na nguvu za mgongo, mwitikie kwa heshima, kisha endelea na shughuli zako.

Dirisha lakini lina kingo zake. Usingoje zamu ya kliniki ikiwa miezi minne imefika na shingo bado haikazi. Miezi tisa imepita na hakai. Mwaka umetimia na habwabwaji, hapungi mkono, haonyeshi chochote kwa kidole. Miezi kumi na sita na hana neno hata moja. Mwaka na nusu na hatembei. Miaka miwili na haungi maneno mawili ya kwake mwenyewe, kama "mama njoo". Kuimba tangazo lote la redio si kuunga maneno. Na lililo zito kuliko yote, katika umri wowote: mtoto alikuwa na jambo, akalipoteza. Alikuwa anasema, akanyamaza. Alikuwa anatembea, akarudi chini. Hapo usiandike daftari la wiki, njoo kesho.

"Watoto wa kiume huchelewa kusema." Kweli, kwa wastani huchelewa kidogo kuliko wasichana. Kidogo. Nimepokea kijana wa miaka mitano ambaye kauli hiyo ilimkalisha nyumbani miaka mitatu.

Masikio kabla ya akili

Kama kuna mahali utakapotumia nauli ya ziada, iwe hapa. Kabla ya kuniuliza akili ya mtoto, uliza masikio na macho yake. Mtoto asiyesikia vizuri atashindwa maagizo yangu, atachelewa kusema, hatageuka akiitwa, ataonekana mkaidi au mwenye usonji (autism), na mimi nikiwa na haraka nitaandika hayo yote kwa mwandiko mzuri.

Sikio linalotoka usaha mara kwa mara, hasa kwa watoto wanaoogelea kwenye madimbwi, limezoeleka huku kiasi kwamba mzazi halitaji. Anasema "mafua tu". Usaha wa kuja na kuondoka unamnyima mtoto usikivu wiki kadhaa kwa wakati ule ule anapotakiwa kuokota maneno. Nenda hospitali ya kaunti uulizie wapima usikivu. Kutikisa funguo nyuma ya kichwa, ninavyofanya mimi, hakutoshi. Kuna watoto wanaosikia funguo na hawasikii "s" na "f".

Siku yenyewe

Chagua asubuhi. Saa tatu ni nzuri, saa nane mchana ni hasara kwa wote. Mtoto awe amelala usiku, amekunywa uji, na hana homa. Akiwa na homa nipigie simu tupange siku nyingine, sitakasirika. Siku ya chanjo si siku ya kupimwa, kwa kuwa akishachomwa sindano hatamwamini mtu yeyote mwenye karatasi. Mvue viatu vipya vinavyombana, maana nitamtazama anavyotembea. Lete kikombe chake na kitu anachokipenda.

Aje na nani? Aje na anayemlea. Kama wewe unafanya kazi Mombasa na mtoto analelewa na nyanyake Vitengeni, basi nyanya ndiye ninayemhitaji, wewe njoo kama mgeni. Na hapa nisimulie kosa langu mwenyewe.

Miaka ya mwanzo ya kazi nilimpima mtoto wa karibu miaka miwili na nusu. Alikuja na baba yake, mtu mwenye Kiswahili safi, nami nikamwongelesha mtoto kwa Kiswahili. "Nionyeshe pua." Kimya. "Kikombe kiko wapi?" Kimya, anautazama mlango. Kila kisanduku cha lugha nikatia sifuri, nikaandika chini kwamba amechelewa sana kusema na aanzishiwe safari ya hospitali. Baba akakunja uso, akatoa simu, akasema, "Lakini dada, huyu nyumbani haachi kelele." Akaniwekea video. Mtoto yule yule, amesimama mlangoni kwa nyanyake, anadai maji: madzi, madzi, anataka na kikombe chake kile pale, sentensi baada ya sentensi, yote kwa Kigiriama. Nyanya ndiye aliyemlea, na nyanya hakuwahi kumsemesha Kiswahili hata siku moja. Nilichopima mimi ni lugha yangu. Nilichana ile karatasi. Wiki iliyofuata alikuja na nyanya, mwenzangu wa Kigiriama akauliza maswali, mtoto akanionyesha pua yake, pua ya nyanya, na pua yangu.

Basi sema mapema mtoto anaongea lugha gani, na lugha ngapi. Akiwa na mbili, tunahesabu maneno ya zote mbili. Mtu akikushauri uache Kigiriama au Kiduruma nyumbani ili mtoto "asichanganyikiwe", usimsikilize. Lugha mbili hazimletei mtoto ulemavu wa kusema.

Ndani ya chumba

Utakaa nyuma yake kidogo au umpakate. Nitaanza na vitu vyepesi ili achangamke, kisha nitapandisha mpaka ashindwe vitu kadhaa mfululizo, hapo nasimama. Kushindwa huko ni lazima, ndivyo ninavyojua mwisho wa uwezo wake ulipo. Usihesabu alivyokosa, kila mtoto anayepita hapa huondoka amekosa kitu.

Usimsaidie. Najua ni vigumu. Kuna nyanya mmoja aliyekuwa akisukuma bloki kwa ncha ya kidole cha mguu chini ya leso, akidhani simwoni. Usimwambie "si ulifanya jana!" Akikataa, niachie mimi; nina njia zangu, na mojawapo ni kujifanya siwezi kupanga hizo bloki mpaka anihurumie. Ukiona nakunja uso naandika, si kwamba nimeona balaa. Macho yangu ndiyo yanataka miwani.

Kama mtoto hajawahi kuona kitu nilichokitoa, sema. Hili si dogo. Mwaka 1979 mwanasaikolojia Robert Serpell alichapisha matokeo ya watoto wa Lusaka na wa Manchester walioombwa kuiga maumbo. Kwa kalamu na karatasi, wa Uingereza waliwashinda wa Zambia. Kwa waya, ule ambao watoto wetu hutengenezea magari, wa Zambia waliwashinda wa Uingereza. Kwa udongo wa kufinyanga wakawa sawa. Watoto ni wale wale, kilichobadilika ni walichoshikishwa mkononi. Kila ninaposikia mtoto wa kijijini "ameshindwa kuchora" namkumbuka mtafiti huyo na waya wake.

Ndiyo sababu kilitengenezwa kipimo cha hapa hapa. Kinaitwa kwa jina la Kilifi, kilichapishwa mwaka 2008 na Amina Abubakar, Penny Holding na wenzao, nacho kinapima mwendo wa mwili na ushirikiano wa jicho na mkono kwa watoto wa miezi 6 hadi 35. Uzuri wake ni kwamba mtoto analinganishwa na watoto wa mazingira yake. Vipimo vya dukani kutoka ng'ambo si vibaya, ila vimesawazishwa kwa watoto wa kwingine, na vingine vina picha za vitu ambavyo hata mimi nilivijua ukubwani.

Kusoma karatasi ya majibu

Baba mmoja alipokea ripoti ya bintiye, iliyoandikwa mahali pengine, akaja nayo kwangu imekunjwa mara nane. Aliinyoosha mezani, akaweka kidole kwenye namba 16. "Kumi na sita kwa mia? Amefeli hivyo?" Alikuwa ameibeba namba hiyo siku tisa bila kumwambia mkewe.

Namba hiyo haikuwa alama. Wapange watoto mia wa umri wa bintiye kwenye foleni, wa mwisho mpaka wa kwanza. Namba 16 inasema kama kumi na sita hivi wako nyuma yake na waliobaki wako mbele. Kwenye ripoti hiyo hiyo, mstari wa juu, paliandikwa 85. Hiyo nayo si asilimia. Vipimo vingi vya akili hupangwa ili wastani uwe 100, na watoto kama 68 katika kila mia huangukia kati ya 85 na 115. Namba zote mbili zilikuwa zinasema jambo moja: yuko ukingoni mwa wengi, ndani. Binti wa kufuatiliwa, si wa kuliliwa. Yule baba aliikunja tena karatasi, safari hii mara mbili tu.

Kwa hiyo usiondoke bila kuuliza. Mtoto wangu amelinganishwa na watoto wa wapi? Alipimwa kwa lugha gani? Leo alionyesha uwezo wake, au alikuwa na usingizi? Namba hii ingeweza kusogea kiasi gani tukirudia wiki ijayo? (Kila namba husogea, mtathmini asiyekubali hilo mwogope.) Anaweza nini vizuri? Nianze na nini kesho asubuhi? Turudi lini? Na omba nakala ya ripoti, ni haki yako, uihifadhi pamoja na kijitabu cha kliniki. Ukiambiwa jina zito, usonji au mtindio wa ubongo (cerebral palsy), muulize aliyelitaja ana ujuzi wa kulithibitisha au anashuku tu. Mimi kwa mfano nashuku. Kuthibitisha ni kazi ya daktari wa watoto au mwanasaikolojia. Na yeyote anayekupa jina kama hilo kwa dakika ishirini, bila kuuliza habari za nyumbani, tafuta wa pili.

Kuhusu ile "akili ya mtoto wa miaka miwili" wanayoambiwa wazazi wa mtoto wa miaka sita: ipuuze. Mtoto wa miaka sita ana miaka sita ya kuudhiwa, kupendwa na kutumwa dukani. Hafanani na wa miaka miwili hata kidogo.

Ukitoka

Usingoje jina la tatizo ndipo uanze. Fizioterapi (tiba ya viungo kwa mazoezi), tiba ya usemi, kumweka karibu na mwalimu darasani, hayo yanaanza kwa anachoshindwa kufanya, jina lije nyuma. Kwa mambo ya shule, Kenya ina vituo vya tathmini ya elimu vilivyoanza mwaka 1984, siku hizi viko katika kila kaunti. Ulizia ofisi ya elimu ya kaunti ndogo. Huko ndiko wanakoshauri shule ya kawaida yenye msaada au shule maalumu, nawe una sauti katika uamuzi huo.

Nyumbani, chukua jambo moja kati ya yale aliyokaribia kuyaweza, lililo mpakani, ulitie katika kazi za kila siku. Akikaribia kuokota kwa vidole viwili, mwache achambue maharage nawe. Akikaribia kuunga maneno, wewe rudisha neno lake ukiongeza moja: akisema "paka", sema "paka analala". Dakika kumi jikoni zinashinda saa nzima ya kumkalisha kitako.

Daftari uendelee nalo, mara moja kwa wiki inatosha, na uje nalo baada ya miezi sita. Yule mama wa Ganze alirudi nalo limejaa, kurasa za mwisho zimeandikwa mpaka kwenye jalada. Safari hiyo sikutoa bloki. Nilimpa mtoto vizibo vya soda, vile vile anavyochezea kwao, naye akapanga kumi na moja, akaniambia nisipumue.